Somo la Viumbe Lianze Zizini

Twauliza: mtoto wa Dongobesh, aliyekulia penye ng'ombe na maharage, ajifunze baiolojia kwa kunakili picha za ubaoni tu, kwa sababu gani? Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikataa shule iliyojitenga na maisha ya watu wake.

Akamatwe kupe, atiwe katika chupa yenye kizibo. Watoto wahesabu miguu: kupe mchanga ana 6, mkubwa ana 8. Kisha waelezwe kuwa kupe wa masikioni huichukua ndigana kali kwa ng'ombe mgonjwa, akajivua gamba, akaipeleka kwa mzima. Hapo mtoto ataelewa faida ya josho.

Ang'olewe na mharage. Vinundu vya mizizini vikipasuliwa vikaonekana vyekundu ndani, vijidudu vimo kazini, vyavuta naitrojeni ya hewa na kuulisha mmea.

Hatusemi darubini haina maana. Maabara ni haki ya watoto wetu, nasi tutaidai. Lakini kuidai si kukaa bure. Wazazi, mkichinja mbuzi, pelekeni moyo wake shuleni. Walimu, upasueni mbele ya darasa, kila mtoto auone kwa macho yake.

Ndama akifa kwa ugonjwa ambao mwana wa nyumba hiyo aliujibu vizuri katika mtihani, elimu hiyo imemfaa nani? Tuanze sasa, kwa tulivyo navyo.