Mbuzi Ndani ya Gunia: Betri za Bei Nafuu na Haki ya Mnunuzi

Mtu anaponunua asichokiona, Waswahili husema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Aghalabu msemo huu hutumiwa kwa utani. Hata hivyo, katika biashara ya pawabenki, yaani vifaa vya kuhifadhia umeme wa kuchajia simu, gunia ni kasha la plastiki, na kilichomo ndani kinaweza kuteketeza nyumba.

Gilgil ni mfano mwafaka. Mji huu umo kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Nakuru, na karibu nao ipo Kikopey, ambako wasafiri wengi husimama kula nyama choma. Abiria wa matatu, dereva wa lori na mkulima atokaye Elementaita wote wana haja moja: simu isizimike. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha. Ikizimika, nauli nayo imezimika. Kwa hivyo si haki kumcheka anayechagua pawabenki ya bei ya chini kabisa. Ametimiza haja yake kwa kadiri ya mfuko wake. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ameuziwa nini?

Ndani ya seli ya betri ya lithiamu mna ncha mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki, pamoja na kiowevu kinachoshika moto kwa urahisi. Seli ikitobolewa, ikipondwa, ikipata joto jingi au ikichajiwa kupita kikomo chake, ambacho kwa seli nyingi za aina hii ni volti 4.2, utando huo huweza kuharibika. Hapo joto huzaa joto, na seli moja ikiwaka huiambukiza jirani yake. Ndiyo sababu watengenezaji waangalifu huweka sakiti ya kinga inayokata umeme kabla mambo hayajaharibika. Anayetaka kupunguza gharama huanza na sakiti hiyo, kwa kuwa mnunuzi haioni.

Hatari huzidi pale seli zinapouzwa zikiwa huru, au zinapotolewa katika betri kuukuu za kompyuta, zikavishwa plastiki mpya na kutiwa ndani ya kasha linalong'aa. Seli ya mviringo ijulikanayo kama 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, mwili wake karibu wote ni ncha hasi. Ngozi yake ya plastiki ikichanika, ufunguo au sarafu mfukoni hutosha kuziunganisha ncha zake na kuwasha moto.

Isitoshe, kasha lenyewe husema uongo. Seli nzuri ya 18650 huhifadhi takriban mAh 3,500. Kasha lililoandikwa mAh 20,000 linahitaji basi seli kama sita za aina hiyo. Likiwa na nafasi ya seli mbili tu, hesabu ya shule ya msingi inatosha kulikanusha. Mtengenezaji aliyedanganya kuhusu kiasi ataaminiwaje kuhusu usalama?

Wapo watakaodai kwamba hata bidhaa zenye majina makubwa huungua. Ni kweli. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya shirika la Air Busan iliteketea ikiwa uwanjani huko Gimhae, Korea Kusini, na wachunguzi walieleza kwamba huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Mnamo Juni mwaka uo huo, kampuni ya Anker ilitangaza kwamba zaidi ya pawabenki milioni moja zilizouzwa Marekani zisitumiwe tena, kwa kuhofia moto. Lakini mfano huu wa pili unaonyesha jambo jingine. Bidhaa yenye jina na nambari ya toleo ina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuwatahadharisha wanunuzi na kuwafidia. Pawabenki isiyo na jina ni yatima. Ikiunguza godoro la mtoto usiku mjini Gilgil, hakuna wa kuulizwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayoyahitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 nacho kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Vifungu hivi viwili bado havijakutana juu ya kasha la pawabenki. Onyo, kama lipo, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza au Kichina, tena kwa herufi za kusomwa kwa kukodoa macho. Onyo lisiloeleweka ni sawa na kimya.

Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, lilianzisha mwaka 2005 utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja Kenya. Yafaa utaratibu huo udai onyo la Kiswahili kwenye kila betri ya lithiamu. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili nao wana deni. Mjadala kuhusu iwapo kifaa hiki kiitwe pawabenki au kipewe istilahi nyingine una nafasi yake, lakini mama anayechaji simu kando ya kitanda cha wanawe anahitaji kwanza sentensi chache: Usichaji chini ya mto. Kikivimba au kikiwa moto sana, acha kukitumia. Usikitoboe wala usikitupe motoni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri istilahi mpya.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kinga ya kwanza ni kulifungua gunia, ili mnunuzi amwone mbuzi kabla hajatoa pesa.