MAARIFA YA WENYE PIKIPIKI: Taa Hafifu Haiponi kwa Globu Kubwa

Barabara itokayo Kinango kwenda Kwale hupita karibu na hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, na si ajabu kukuta ng'ombe na mbuzi njiani baada ya jua kuchwa. Mtu ampakiaye mgonjwa usiku kumpeleka hospitali ya Kinango hana mlinzi ila taa yake ya mbele. Taa hiyo ifififapo, wenye pikipiki za zamani, kama vile BSA Bantam iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, hukimbilia dukani kununua globu yenye nguvu zaidi. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure, kwa kuwa ugonjwa haumo katika globu.

Sababu ni hii. Pikipiki nyingi za namna hiyo hutumia umeme wa volti 6 tu. Volti zikipungua kwa sehemu moja katika kumi, nuru ya globu ya kawaida hupungua kwa karibu sehemu tatu katika kumi. Kwa volti 6, sehemu hiyo moja ni volti 0.6, nayo kutu kidogo yatosha kuila.

Kwanza, ipimwe betri. Iliyojaa na kupumzika huonyesha kiasi cha volti 6.3. Yafaa kukumbuka kwamba Bantam nyingine hazina betri. Taa zake hufifia injini izungukapo polepole, na hilo si ubovu.

Pili, taa ingali inawaka, ncha moja ya kipima volti iguswe kwenye upande wa betri uliofungwa kwenye chuma cha pikipiki, na ncha ya pili kwenye mwili wa globu. Kipimo kiwe karibu na sifuri. Kikipanda hadi nusu volti, njia ya umeme kurudi kwenye betri ni mbovu. Katika pikipiki nyingi umeme huo hulazimika kupita katika gololi na grisi ya shingo ya usukani. Dawa yake ni waya mmoja mzuri kutoka kishikio cha globu moja kwa moja hadi betri.

Tatu, usukani ugeuzwe kushoto na kulia. Taa ikipepesa, waya umekatika ndani ya ganda lake pale unapokunjwa shingoni. Mwisho, viungo na swichi visuguliwe kwa msasa laini, hasa kwa wakaao Diani na Msambweni, ambako hewa ya chumvi hula shaba upesi.

Hayo yote yakiisha, ndipo yafaa kufikiri habari ya globu mpya. Hapo hesabu ni ya lazima: wati zikigawanywa kwa volti hupatikana ampea. Globu ya wati 30 kwa volti 6 hula ampea 5. Ya wati 60 hula ampea 10, na waya wa zamani na swichi yake huweza kuungua. Tena dinamo ya Lucas E3L, iliyofungwa katika pikipiki nyingi kubwa za Kiingereza, ilitengenezwa kutoa wati 60. Globu kama hiyo ingekula zote, pasibaki kitu cha taa ya nyuma wala cha kuijaza betri.

Globu za LED hula umeme kidogo, lakini zina masharti yake. Pikipiki nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zilifungwa upande wa chanya kwenye chuma. Globu ya nyuzi haijali jambo hilo, bali LED isiyotengenezwa kwa mfungo huo haitawaka, au itaharibika. Tena ikiwa nuru yake haitoki mahali pale pale palipokuwa nyuzi, kioo huitawanya, ikampofusha ajaye mbele.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ni kuielekeza taa ukutani, mwendeshaji akiwa ameketi juu ya pikipiki, mpaka nuru ya chini ianguke chini ya kimo cha taa yenyewe. Taa njema humwonyesha mwenyewe njia, nayo haimnyimi mwenziwe njia yake.