Mali Bila Daftari

Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa lile la Afrika Mashariki. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake iliuzwa kwa shirika la Afrika Kusini. Mwaka 2006 ubia huo ukafa, na shirika likadhoofika hadi mwaka 2016, Serikali ilipoanza kununua ndege mpya.

Uamuzi huo tuliuunga mkono, na tungali tukiuunga. Ndege ni njia ya umma kama barabara. Msafiri wa Songea akikosa ndege hupanda basi. Wa Unguja na Pemba, bahari ikichafuka, hana basi la kupanda.

Lakini mali bila daftari huisha bila habari. Mkaguzi Mkuu alionyesha kwamba mwaka 2022/23 shirika lilipata hasara ya takriban Sh. bilioni 56.6. Miongoni mwa sababu ni ndege aina ya Airbus zilizoegeshwa kwa ubovu wa injini, huku gharama za kuzikodi kutoka wakala wa Serikali zikiendelea kuhesabiwa.

Mkulima wa Mbesa huenda asipande ndege maisha yake yote, wala mvuvi wa Pemba; ila wote wawili huzilipia kwa kodi. Kwa hiyo tunawataka wakuu wa shirika watafute injini za akiba kabla ya ndege nyingine, waheshimu ratiba, na watangaze hesabu zao kwa lugha ya wenye mali. Sherehe za mapokezi zimetosha.