RAM: kodi gani hii, ya kulipia simu yetu wenyewe?

Goma, Ndosho, Januari 2022

Wandugu wa Ndosho, wandugu wa Goma,

Unaenda kwa muuza mayunite hapa ku barabara ya Sake. Unamupa franka yako, unaingiza koda, unangoja. Mesaji inaingia: wamekata. Haukuomba kitu, hakuna mtu alikuuliza. Jioni mama anakuambia: "Juu ya nini haukunipigia?" Utamujibu nini?

Makato hayo yanaitwa RAM, rejista ya simu za mkononi. Ilianza Septemba 2020. Mwenye simu ya 3G ao 4G alikuwa analipa dola 7 kwa mwaka, kipande kwa kipande. Mwenye kasimu ka 2G alikuwa analipa dola 1. Dola 7 ni karibu franka 14 000. Kwa waziri ni kitu kidogo. Kwa mama mwenye kuuza makala kwa mafungu, ni mtaji.

Wanasema RAM iko dawa ya simu za bandia na simu za wizi. Sawa. Wangapi kati yetu tuliibiwa simu usiku hapa Ndosho? Wangapi walirudishiwa juu ya RAM? Na kama ni kuandika simu ku rejista, inaandikwa mara moja. Juu ya nini tunalipa kila mwaka?

Hapa njo wanajifunga wenyewe. Ukisema "ni kodi", Katiba yetu, kipengele cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Na sheria inapitishwa na Bunge. RAM ilikuja kwa dekreti ya serikali. Ukisema "si kodi, ni malipo ya kazi tunayowafanyia", basi kazi inalipwa na mwenye kuiomba. Sisi hatukuomba. Kwa hiyo, upande wowote utakaoshika, feza ile ilitoka mu mifuko yetu bila haki. Kwa Kiswahili cha Ndosho: banatuiba.

Mtu asitudanganye kama vijana hawapendi kulipa kodi. Tunalipa! Mfanyakazi anakatwa IPR mbele hajagusa mshahara. Motari analipa, mama wa soko analipa kila siku. Lakini mayi bado tunabeba na bidon, na barabara ikinyesha mvua ni matope. Anayelipa ana haki ya kuuliza feza inaenda wapi.

Tutamuuliza nani? Tarehe 30 Desemba 2018 tulipanga mstari, tukapiga kura. Wandugu zetu wa Beni na Butembo siku hiyo walinyimwa haki yao, lakini RAM haikuwasahau: kwa kura hawakuhesabiwa, kwa kodi wamehesabiwa muzuri. Na sisi, tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko mu état de siège. Gavana ni mwanajeshi, depite wa provense wamesimamishwa kazi. Tumebaki na depite wa taifa kule Kinshasa.

Mukumbuke Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Tulitoka mbio kuelekea Sake, watoto wakapotea njiani. Simu njo ilikuwa njia ya kutafutana. Hata wakati ule, RAM ilikuwa sheria ya mayunite yetu. Na walituimbia "raia kwanza"! Ndiyo, raia kwanza ku kulipa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. RAM iondolewe yote. Kuipunguza haitoshi.
2. ARPTC itangaze feza ngapi iliingia, nani alikula asilimia ngapi, na IGF ikague.
3. Kila mtu arudishiwe mayunite yake. Kompani za simu zinajua namba iliyokatwa na siku iliyokatwa. Waliweza kukata kwa mashini, watarudisha kwa mashini.

Wewe unayesoma, usibaki kulalamika ku kiosk. Chunga mesaji za makato, usizifute: ni ushahidi. Tafuta depite uliyemupigia kura, mwandikie, muulize alifanya nini juu ya RAM. Akinyamaza, uandike jina lake. Mwaka 2023 atarudi hapa Ndosho na mafulana na ma ahadi. Siku hiyo tutamusomea mesaji zetu.

Kodi bila sheria ni wizi. Na mwizi wa dola 7 ni mwizi.

Sisi vijana wananchi wa Ndosho