Abiria wa Kasongo hahitaji parachuti

Kila ndege inapoanguka Kongo, hoja ileile hurudi. Utaisikia kwenye kiwanja cha Kasongo, hapa Maniema, utaisikia Kabambare kwa vijana wa pikipiki na kwa wafanyabiashara wanaoitegemea ndege barabara zinapogeuka tope: juu ya nini kampuni zisimpe kila abiria parachuti? Askari wanapewa. Watalii wa Diani, kusini mwa Mombasa, hulipa pesa zao, hurushwa kutoka mlango wa ndege na kushuka ufukweni wakicheka, na wengi wao hawajawahi kuishika parachuti maishani. Mtalii akiweza, mama aliyebeba mchele wake kwenda kuuza ashindwe kwa nini? Hapo lawama huangukia uchoyo wa wenye ndege, na mazungumzo yakaishia hapo.

Si hoja ya kuchekwa. Nchi hii imeziona parachuti zikifanya kazi. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege za Marekani aina ya C-130 juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, na siku mbili baadaye wakaruka Paulis, yaani Isiro. Kwa Maniema, iliyokuwa ndani ya vita vile vya waasi wa Simba, habari za watu kushuka kutoka mawinguni hazikuwa hadithi ya mbali. Mei 1978 ikawa zamu ya Wafaransa, huko Kolwezi. Tena, ile Let-410 ya viti 19 tuliyoizoea hapa ndiyo inayotumiwa Ulaya kurusha waruka angani kila mwisho wa juma. Kwa hiyo atakayesema jambo hili haliwezekani kabisa atakuwa hajui anachokisema. Ninachopinga ni imani kwamba kinachomwokoa mtu ni kile kitambaa.

Tumtazame huyo mtalii wa Diani. Hana parachuti. Alichovaa ni mikanda mitupu ya kifuani, mabegani na mapajani, yenye kulabu nne: mbili mabegani, mbili nyongani. Kulabu hizo humfunga kwa mwalimu aliye nyuma yake, na mzigo wote uko mgongoni mwa mwalimu: parachuti kubwa yenye eneo la zaidi ya mita 30 za mraba, na ya akiba ya kubeba watu wawili. Wawili wakianguka pamoja huenda kasi kupita mtu mmoja, kwa hiyo sekunde chache baada ya kutoka mlangoni mwalimu hutupa kiparachuti kidogo cha kuvuta breki, kinachowashusha hadi mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa. Kwenye mita 1,500 hivi huifungua parachuti kubwa. Ikikataa, kuna pete tatu zilizopandana begani, ubunifu wa Mmarekani Bill Booth. Akivuta mpini mmoja, pete zinaachia na parachuti mbovu inaondoka zake, kisha akiba inafunguka. Na mwalimu akizimia? Kifaa kidogo chenye kompyuta hupima mgandamizo wa hewa, na kikiona bado wanaanguka kwa kasi kwenye mita 580 hivi, hukata uzi na kuifungua akiba chenyewe.

Watengenezaji walipoanza, miaka ya 1980, kuunda vifaa vya kumrusha mtu asiyejua lolote, wangeweza kumshonea parachuti nyepesi na rahisi. Hawakufanya hivyo. Walimnyang'anya kila uamuzi, wakaukabidhi kwa mtu ambaye, kwa kanuni za chama cha waruka angani cha Marekani, lazima awe ameruka mara 500 na kukaa katika mchezo huo miaka mitatu kabla hajamfunga abiria kifuani. Hoja ya Kasongo inafanya kinyume: inamkabidhi parachuti mtu asiyejua lolote, ndani ya ndege inayoanguka, na kumwambia ajitegemee.

Kuna mtu mwingine ambaye mtalii hamwoni: fundi wa kukunja. Parachuti ya akiba haikunjwi na yeyote aliye karibu. Fundi mwenye leseni huitandaza, hukagua kamba moja moja na mishono yake, huikunja, hupitisha pini ya kufungia, hufunga uzi mwekundu na kuubana kwa kipande cha madini ya risasi chenye alama yake. Halafu huandika tarehe na jina lake kwenye kadi inayokaa ndani ya mkoba. Marekani kadi hiyo hudumu siku 180. Hata kama parachuti haikuguswa, siku zikipita inafunguliwa na kazi inaanza upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali yenyewe ni roho ya mtu.

Daftari likidanganya, vifaa vyote havifai kitu. Agosti 2016, huko Lodi, California, kijana wa miaka 18 alikufa pamoja na mwalimu aliyefungwa naye. Ikabainika kwamba mwalimu hakuwa na kibali halali. Aliyemfundisha alikuwa amesimamishwa, akawa anatumia sahihi ya mwenzake. Mwaka 2024 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi na mahakama zinazofuatilia. Sisi tunajua bei ya muhuri.

Hata askari hawaokolewi na kitambaa peke yake. Wanajeshi wa Ufaransa walioruka Kolwezi walipewa parachuti za Kimarekani za jeshi la Zaire, na mifuko yao ya silaha ikakataa kuoana nazo. Ilibidi waunge kwa waya. Waliruka wakafika kwa sababu walikuwa na mazoezi ya miaka, ndege ilikwenda polepole na kwa usawa, na kila mmoja alijua nafasi yake mlangoni. Abiria wetu hana hata kimoja kati ya hivyo.

Sasa tuulize ndege zetu zinaangukia wapi. Aprili 2008 Goma, DC-9 ilishindwa kupaa ikaingia kwenye nyumba na maduka ya Birere. Julai 2011 Kisangani, Boeing 727 ilianguka ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Machi 2013 Goma tena, Fokker 50 ilianguka katika mvua ikikaribia uwanja. Novemba 2019, Goma kwa mara nyingine, Dornier 228 iliangukia mtaa wa Mapendo mara tu ilipoondoka. Zote zilikuwa karibu na ardhi, mahali ambapo hata mwalimu wa Diani hangepata muda wa kuvuta mpini. Ni kweli, Oktoba 2019 Antonov 72 iliyotoka Goma kwenda Kinshasa ilipotea ikiwa safarini, mabaki yakapatikana Sankuru. Lakini ndege iliyopoteza mwelekeo haimsubiri mtu asimame, avuke magunia na mabidoni, afungue mlango na kupiga foleni.

Foleni hiyo yenyewe inaua. Agosti 2010 Let-410 ilianguka ikikaribia Bandundu. Kati ya watu 21 alipona mmoja. Kwa ushahidi wake, mamba aliyefichwa katika begi alitoroka, abiria wakakimbilia mbele kwa hofu, uzito ukahama na rubani akashindwa kuimudu ndege. Watu wasiofika 20 walihama mita chache tu, na ikatosha. Mlango wa abiria wa Let uko nyuma. Waambie wote 19 wakimbilie huko na parachuti mgongoni, utaona mkia utakavyokwenda.

Anayedhani nakisia asome ajali ya Umeå, Sweden, ya Julai 2019. Ndege ndogo ilibeba waruka angani wanane na rubani. Walikuwa kwenye mita 4,000 hivi, urefu wa kutosha kwa mtu kufungua parachuti, na waruka angani wote walikuwa wamevaa zao. Ndege ikapoteza udhibiti, ikavunjika angani, na wote tisa wakafa. Wachunguzi wa Sweden waliona kwamba ilikuwa na mwendo mdogo na mkia mzito katika hali mbaya ya hewa, na rubani alizidiwa na kazi kwa uzoefu aliokuwa nao. Waliokuwa wakijua kuruka kuliko sisi sote, vifaa vikiwa mgongoni, waliuawa, na mgao wa uzito ukiwa mojawapo ya sababu.

Wapo wanaouliza kuhusu parachuti ya ndege nzima. Ipo, na katika ndege ndogo za Cirrus imeokoa watu wengi, hasa kwa kuwa haimtaki abiria afanye lolote. Lakini hizo ni ndege za tani moja na nusu hivi. Let ikishiba hupita tani sita. Na parachuti za mtu mmoja mmoja zina kilo zao: kama nane kila moja, mara 19, ni kilo 152, uzito wa abiria wawili wazima. Mwenye ndege anayezidisha mzigo leo hatawashusha abiria wawili ili apakie parachuti. Atavipakia vyote.

Diani kuna jambo tunaloweza kuiga bila kununua kitambaa. Huko mtalii hupandishwa mizani kabla ya kuvaa mikanda, na akizidi uzito uliowekwa haruki, hata awe amelipa. Mwalimu ana kibali, akiba ina kadi, na rubani anajua amebeba nini na kiko wapi. Hayo yote hufanyika ardhini, na hayahitaji teknolojia iliyopita uwezo wa kiwanja cha Kasongo.

Basi tudai yaliyo ya kudai. Kila abiria na kila gunia vipite kwenye mizani mbele ya watu, si kwa kukisia kwa jicho. Orodha ya abiria ilingane na vichwa vilivyomo ndani. Mzigo ufungwe, mnyama asiingie kwa siri. Rubani akikataa kuruka kwa sababu ya mvua, tusimzomee. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga aje bila kutangazwa, na ndege isiyo na karatasi ibaki chini siku hiyohiyo. Nasi tulio na haraka ya soko tukubali kushuka tunapoambiwa ndege imejaa. Parachuti bila hayo ni begi zito la kumtuliza mtu roho, na yakitimizwa hayo, hakuna atakayeiulizia.