Nani Asema Wazee Wasitunge?

Hapa Goma twasikia watu wakimcheka mama mmoja aliyeanza kutunga mashairi akiwa na miaka 60. Eti kutunga ni kazi ya vijana, yeye asali rozari tu. Twakataa! Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Kijana wa miaka 20 atausimulia vipi? Hakuwa amezaliwa. Mama huyu alikimbilia Gisenyi, mtoto mgongoni, godoro kichwani.

Huko Pate, pwani ya Kenya, Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, naye mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufa. Hata leo unasomwa.

Vina vya mama yetu vyachechemea, kweli. Basi wajuao mizani wamfundishe, na wajukuu wamnunulie daftari.