Gari Kuukuu Lisiuzwe kwa Kilo

Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Novemba, magari mamia kadhaa hukusanyika alfajiri katika bustani ya Hyde Park mjini London. Yote yalitengenezwa kabla ya mwaka 1905. Jua linapochomoza huanza kuondoka kuelekea Brighton, mji ulioko pwani ya kusini, safari ya maili 60 hivi, yaani kilometa 96. Msafara huo huadhimisha tarehe 14 Novemba 1896, siku ambayo madereva wa Uingereza walisherehekea sheria mpya iliyoyaruhusu magari kwenda kwa mwendo wa maili 14 kwa saa badala ya 4. Si magari yote hufika. Wenye magari huonekana wamepiga magoti kando ya barabara, mikono imejaa grisi, na hakuna anayewacheka.

Mtazamaji wa haraka angesema kwamba huo ni mchezo wa matajiri, na kwa magari ya umri huo hatakuwa amekosea sana. Lakini nchini humo limo kundi lingine, kubwa zaidi, la watu wa kipato cha kawaida wanaotunza Morris Minor, Mini, MG au Land Rover za miaka ya 1950 na 1960. Gari hulala kibandani nyuma ya nyumba, na mwenyewe hulifungua kila Jumamosi kwa spana zake. Waingereza ni wakali sana juu ya majina katika jambo hili: chama cha Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa mwaka 1934, hakikubali kwamba gari la wakati huo ni la kale kwa maana yake halisi, kwa kuwa mpaka wake ni mwaka 1930. Ubishi huo waachiwe wenyewe. Linalostahili kuangaliwa ni lile linalofanyika kibandani, kwa sababu lina uhusiano mkubwa na mafundisho ya sayansi kuliko inavyodhaniwa.

Tuchukue kabureta ya SU, iliyotumika katika Morris Minor, Mini na MG. Ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20 na George Herbert Skinner, ambaye jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wa viatu. Na labda si ajabu kwamba kabureta zake za mwanzo zilikuwa na mvukuto wa ngozi. Kanuni yake ni ile ya Bernoulli: hewa ipitapo mahali pembamba huongeza mwendo, na kanieneo yake hupungua. Petroli huvutwa na upungufu huo. Tatizo ni kwamba injini haihitaji hewa kiasi kile kile wakati wote. Ikiwa tundu la hewa ni jembamba, gari litakosa pumzi kwenye mlima. Likiwa pana, hewa itapita polepole injini inapounguruma taratibu, na petroli haitavutwa ipasavyo.

Skinner hakutafuta tundu la wastani. Alilifanya tundu lijipime lenyewe. Juu ya njia ya hewa iko pistoni ndani ya kikombe cha chuma. Dereva akikanyaga mafuta, mvuto wa injini hupunguza kanieneo ndani ya kikombe, pistoni hupanda, na njia hupanuka mpaka mwendo wa hewa unarudi karibu na ule wa awali. Chini ya pistoni imefungwa sindano iliyochongoka, ambayo ncha yake imeingia katika tundu la petroli. Pistoni ikipanda, sehemu nyembamba ya sindano ndiyo inayobaki tunduni, na petroli hupata nafasi zaidi. Hivyo hewa na petroli huendelea kuchanganyika kwa uwiano unaotakiwa, ambao ni kama kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, bila waya wala kompyuta. Ndani ya shina la pistoni hutiwa mafuta mepesi kidogo ili isipande kwa kuruka. Kuipima hakuhitaji chombo. Pistoni huinuliwa kwa kidole, kisha huachwa ianguke. Ikisikika inagonga chini kwa mlio mkavu wa chuma, iko sawa. Isiposikika, kuna uchafu au sindano imepinda.

Mwanafunzi anayeweza kuandika mlinganyo wa Bernoulli ubaoni bila kosa, lakini hajawahi kuona kitu kinachoutii, amepewa nusu ya elimu. Hii ndiyo hoja inayofaa kusisitizwa. Gari kuukuu la Kiingereza halina thamani kwa sababu ni la Kiingereza, wala kwa sababu ni zuri. Mengi yake ni mabaya, yenye kuvuja mafuta, na mfumo wake wa umeme ni kichekesho cha wenyewe hata leo. Thamani yake ni kwamba hufunguka. Kila sehemu inayofanya kazi huonekana kwa macho, hushikika kwa mkono, na kosa lake huweza kutafutwa kwa kufikiri.

Umeme wenyewe ni mfano mzuri. Betri hutoa volti 12, ilhali plagi inahitaji maelfu mengi ya volti ili cheche iruke. Kati yake kuna koili, ambayo ni kazi ya Faraday ya mwaka 1831, na vidomo viwili vya chuma ambavyo mafundi huviita pointi. Vidomo vikigusana mkondo hupita na usumaku hujengeka katika koili. Vikiachana, usumaku huanguka ghafla na cheche hutoka. Nafasi kati yake, vikiwa vimeachana kabisa, ni kama milimeta 0.4, unene wa karatasi chache za daftari. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vidomo hivyo hufunguka mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde. Swali la kwa nini ni 6,000 na si 12,000 ni swali bora la mtihani, na jibu lake limo katika mipigo minne ya injini.

Hata nati zina historia yake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kwamba karakana zote za Uingereza zitumie hesi za aina moja, zenye pembe ya digrii 55, kwa maana kabla ya hapo bolti ya karakana moja haikuingia katika nati ya karakana nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza, Wamarekani na Wakanada walikubaliana juu ya hesi za digrii 60. Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja. Kwa hiyo mwenye gari la miaka ya 1950 huweza kukuta nati za aina mbili au zaidi katika gari lile lile. Spana ya Whitworth nayo huandikwa kipimo cha mlingoti wa bolti, si cha kichwa chake, jambo ambalo limewapotezea watu wengi muda na ngozi za vidole.

Gari la Kiingereza linalofahamika zaidi Afrika Mashariki ni Land Rover. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu kuukuu la kijeshi katika shamba lake kisiwani Anglesey, akatamani gari la namna hiyo kwa wakulima. Lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo chuma kiligawiwa kwa vibali nchini Uingereza, ilhali aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi fremu ikawa ya chuma na sehemu kubwa ya bodi ikawa ya aloi ya aluminiamu. Uamuzi uliotokana na uhaba uligeuka kuwa somo la kemia. Aluminiamu peke yake hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi. Lakini mahali inapogusana na chuma, na maji ya chumvi yakaingia katikati, hujengeka betri ndogo, na katika betri hiyo ni aluminiamu inayoliwa, kwa kuwa huachia elektroni zake kwa urahisi zaidi kuliko chuma. Mtu wa Tanga au Mombasa aliye na Land Rover ya zamani akitazama kando ya ribiti ataona unga mweupe. Huo ndio ushahidi, na hauhitaji maabara.

Magari hayo ya zamani, yaliyotengenezwa hadi mwaka 1985, yalibeba polisi, waganga, mabwana shamba na wahifadhi wa wanyamapori katika barabara ambazo hazikustahili kuitwa barabara. Mafundi waliyatengeneza chini ya miembe. Wengi wa mafundi hao hawakumaliza shule, lakini waliijua injini kwa sikio, na ujuzi wao haukuandikwa popote. Sasa wanazeeka. Magari nayo huwekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, miba ikaota ndani yake, hadi siku ya mnada, ambapo mnunuzi wa vyuma chakavu huyachukua kwa kilo. Aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria. Hakuna ubaya katika sufuria. Lakini inasikitisha kwamba shule ya sekondari iliyo mtaa wa pili inafundisha injini kwa mchoro wa kitabu.

Wapo watakaosema kwamba kuwafundisha vijana mashine iliyopitwa na wakati ni kuwarudisha nyuma, na pingamizi hili lisipuuzwe. Gari la leo ni bora karibu kwa kila kipimo. Halichafui hewa kwa kiasi kile, breki zake hushika, na abiria wake wana nafasi kubwa zaidi ya kunusurika katika ajali. Hata petroli yenyewe imebadilika: petroli yenye risasi ilipigwa marufuku Uingereza mwanzoni mwa mwaka 2000, na nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Injini nyingi za zamani zilitegemea risasi hiyo kulinda makalio ya valvu, na wenyewe imewabidi waweke makalio magumu zaidi. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mipira na mabomba ya zamani. Kwa hiyo asiwepo anayeshauri kwamba watu warudi kusafiri kwa Morris Minor kutoka Dodoma hadi Mwanza.

Lakini kusafiri ni jambo moja, kujifunza ni jingine. Gari la leo lina akili, na akili hiyo imefungwa ndani ya kisanduku kisichofunguliwa ila kwa chombo maalumu. Fundi huchomeka waya, husoma namba, hubadilisha kipande kizima. Anaweza kufanya hivyo miaka kumi bila kujua kwa nini kipande kiliharibika. Kanuni zilizomo ni zile zile: petroli bado inachanganywa na hewa kwa uwiano ule ule, cheche bado inatoka katika koili. Tofauti ni kwamba zimefichwa, na mwanafunzi hawezi kuanza na kilichofichwa. Hakuna anayefundisha hesabu kwa kuanza na kikokotoo.

Kinachotakiwa si fedha nyingi. Idara yenye gari la namna hiyo, kabla ya kulipeleka mnadani, iiulize kwanza shule iliyo karibu kama inaihitaji injini. Fundi mzee wa mtaani aalikwe kwa posho ndogo, naye mwalimu wa fizikia akae kando yake akiandika. Injini haihitaji kuwashwa kamwe. Petroli yote itolewe, na betri iwekwe pale tu inapohitajika kupima mfumo wa cheche. Kifuniko cha distributa kikiondolewa, wanafunzi wataona vidomo vikifunguka na kufungana. Taa ndogo ya volti 12 ikiunganishwa itawaonyesha sekunde hasa ambayo cheche ingetoka.

Land Rover za zamani zina tundu mbele kwa ajili ya hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Swichi iwe imezimwa, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa hendeli ikirudi nyuma huvunja mkono. Plagi zote nne zikitolewa, msichana wa kidato cha pili ataizungusha injini bila taabu. Zikirudishwa, atasukuma hadi mahali fulani, hendeli itamkatalia, kisha itampita ghafla. Amulizwe hapo hapo, kabla hajafuta jasho, ni kitu gani kilichokuwa kikimsukuma.